Bati Lililovuja Kiangazi

Mniwie radhi vijana wangu, nimeezeka nyumba tangu sina ndevu mpaka magoti yaliponikatalia kupanda ngazi, lakini hata leo mkiniuliza joto linakaaje ndani ya nyumba na baridi inapenya wapi, nitawajibu nusu. Nusu nyingine sijaijua, na wazee walionifundisha nao waliondoka bila kuisema. Nawaandikia hiyo nusu niliyo nayo.

Watu wa pwani wakihamishiwa huku kwetu hudhani Shinyanga ni jua tu. Waacheni wafike mwezi wa sita, pamba imeshavunwa, mbuga iko wazi, na upepo wa alfajiri haukuti hata kichaka cha kuuzuia. Nimewaona walimu wa kutoka Tanga wakifundisha huku wamevaa mablanketi. Sisi wenyeji tulikuwa na desturi zetu za moto. Nje uani paliwaka shikome, moto wa wanaume, unaokokwa kwa samadi kavu na kisiki kimoja kinene kisichozimika upesi. Ndani ulikuwa moto wa wanawake. Wakati wa kulala mama alikomba makaa kwenye kigae cha chungu kilichovunjika akakisukuma chini ya kitanda cha kamba. Mwanamke aliyejifungua alikokewa moto wake peke yake, na jirani hakuruhusiwa kuja kuomba kaa la moto huo. Mbuzi nao walilala ndani, na msifikiri ni kwa kumwogopa fisi tu, maana mbuzi wawili wanashinda blanketi.

Pale Ushirombo alikuwako mzee mmoja, mteja wangu, aliyependa kupasha jiwe motoni, akalivingirisha kwenye blanketi na kulala nalo miguuni. Siku moja jiwe likatoboa blanketi. Akamwambia mkewe panya wametafuna. Mkewe akamwuliza ni panya gani hao wanaotafuna na kuacha majivu. Nilikuwa juu ya paa lao siku hiyo, nusura nidondoke kwa kucheka.

Kazi ya nyasi nilifundishwa na Mzee Luhende, mtu mfupi, mkali, asiyemsifu mtu. Alikuwa akisema nyumba ya nyasi inaezekwa na mafundi wawili, yeye na moshi. Akimaliza kufunga tita la mwisho hakukubali kula mpaka mwenye nyumba akoke moto ndani. Kisha alikaa nje akitazama moshi ukijipenyeza kwenye nyasi pande zote, taratibu, bila haraka. Moshi ulifukuza mchwa, ulikausha fito na kuzifanya ngumu. Nyumba ikikaa bila moto misimu michache tu, paa lilioza. Hilo nililielewa vizuri, na pengine ndilo jambo pekee la kazi hii nililowahi kulielewa lote.

Halafu yakaja mabati.

Siku za kwanza za bati nilikuwa kichekesho. Nilipiga misumari bondeni, yaani kwenye mkunjo wa chini wa bati, badala ya kuipiga mgongoni, kwa sababu bondeni bati hugusa mbao na nyundo haichezi. Fundi mmoja wa misheni alikuja kuniangalia, hakusema kitu. Mvua ya kwanza iliponyesha aliniita, akanisimamisha ndani ya ile nyumba mpaka nikalowa chepechepe. Tangu siku ile sijawahi kusahau kwamba maji hupita bondeni na msumari hukaa mgongoni, chini ya kofia yake kuna kipande cha mpira wa ndala.

Wakati watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, kila aliyeuza pamba vizuri alitaka bati. Bati lilikuwa heshima. Mtu alitaka nyumba yake imulike kuanzia barabarani. Tulijenga upesi, kuta za udongo zikiwa bado mbichi, tukafunika. Watu wakahamia humo na vigae vyao vya makaa, mbuzi wao na desturi zao zote za kwenye nyumba za nyasi. Hakuna aliyeuliza moshi sasa utapita wapi. Mimi fundi sikuuliza pia.

Sasa niwaeleze habari ya Masanja.

Masanja alikuwa mkulima wa pamba wa upande wa Segese, mpole, mchapakazi. Nilimwezekea nyumba mvua zilipokuwa zinakatika. Chumba kimoja kilichokaa peke yake upande wa nyuma alimpa mama yake, Mayu Nkwimba. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na sote tulimwita hivyo. Alikuwa ajuza mwembamba, mcheshi, na macho yake yalikuwa mekundu, kama ya kikongwe yeyote aliyepuliza moto wa samadi tangu utoto wake. Masanja alijivuna sana kumlaza mama yake chini ya bati.

Mwezi wa saba alinifuata nyumbani kwangu, nikiishi karibu na Kagongwa wakati huo. Alishuka kwenye baiskeli na kunisalimu kama mtu aliyetumwa ujumbe mbaya.

"Fundi, bati lako linavuja," akasema.

"Linavuja nini?"

"Maji. Meusi."

"Kwani huko kwenu kumenyesha?"

"Hakujanyesha."

Tulitazamana. Nilidhani amelewa, ila Masanja hakuwa mnywaji. Nikachukua nyundo na kopo la lami tukaenda.

Vijana, kutafuta tundu kwenye bati hakuhitaji ujuzi wa ajabu. Unaingia ndani mchana, unafunga mlango, unaziba dirisha, unainua macho. Tundu likiwapo utaliona linang'aa. Nilifanya hivyo chumbani kwa Mayu Nkwimba. Giza tupu. Nikapanda juu, nikagusa msumari mmoja mmoja. Nikaomba ndoo za maji, nikamwaga kuanzia kileleni kushuka chini, huku Masanja akitazama ndani. Hakuona hata tone. Kichwa kikaanza kuniwanga. Bati hili ukilimwagia maji halivuji, na usipolimwagia linavuja.

Wakati huo majirani walikuwa wamejaa uani. Nikashuka, na kwa kuwa jina langu la kazi lilikuwa mashakani nikasema kwa sauti ya kusikika: "Bati hili halina tundu hata moja. Nyumba nzima haina."

Nilitarajia mtu aseme fundi hodari. Badala yake jirani aitwaye Shija, mtu anayesikilizwa pale kijijini, akanikaribia.

"Umesema halina tundu."

"Halina."

"Na mvua hakuna."

"Hakuna."

"Na vyumba vya watoto havidondoki. Kinadondoka cha bibi peke yake."

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Watu wote waligeuza nyuso zao kumtazama Mayu Nkwimba, aliyekuwa ameketi kizingitini amejitanda kaniki, akiyapepesa yale macho yake mekundu. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba sikuitwa kuziba tundu. Niliitwa kuwa shahidi, na ushahidi nilikuwa nimekwisha kuutoa.

Nyinyi mliozaliwa juzi labda mmesikia tu. Kwetu, miaka ile, ajuza mwenye macho mekundu aliishi kwa wasiwasi. Ng'ombe akifa, mtoto akiharisha, jina lake ndilo lililotajwa kwanza, na kuna waliokutwa asubuhi wamekatwa mapanga milangoni mwao. Nikasema labda kuna kitundu kidogo sana ambacho sijakiona, ngoja nitazame tena.

"Fundi," akasema Shija, tena kwa upole, "umemwaga maji mbele yetu sote."

Nilijaribu kueleza, ila ningeeleza nini wakati mwenyewe sielewi. Nilirudi Kagongwa na kopo langu la lami bila kulifungua.

Masanja alimpenda mama yake. Alimwogopa pia, kidogo, na hilo lilimwumiza kuliko yote. Akampeleka kwa dada yake Holo, aliyeolewa palepale Kagongwa, akidai mama anakwenda kumtembelea binti yake na kupumzika. Baada ya siku chache alinijia tena. Uso ulikuwa umemshuka.

"Limekoma, fundi. Tangu alipoondoka, halijadondosha hata tone."

Nikashika tama. Nilitamani kusikia kwamba bado linavuja, linavuja kupita kiasi, linavuja nyumba nzima.

"Shija anasemaje?"

"Anasema lisemwalo lipo. Anasema nikimrudisha, wao hawatahusika na litakalompata."

Sisi sote wawili tulijua maana ya maneno hayo. Ilibidi nipate jibu. Nikapanda basi hadi Kahama, kwa Mzee Kanji, mwenye duka nilikonunua yale mabati. Nilifika nimekasirika.

"Mzee, mabati yako yanatoa maji."

Kanji alivua miwani akaifuta. "Fundi, mimi nauza bati. Mvua anauza Mungu."

"Hakuna mvua. Yanatoa maji yenyewe."

"Bati hiyohiyo nimefunika stoo yangu. Twende ona."

Akanifungulia stoo yake nyuma ya duka. Nikatazama juu. Mabati yalikuwa meupe, makavu, kama yametoka kiwandani.

"Unaona?" akasema. "Bati haina taabu. Lakini humu halali mtu."

Alisema hivyo kuitetea biashara yake tu. Mimi njia nzima nilikuwa nageuza maneno yale kichwani. Mwanzo yalinitisha, maana yalikuwa sawa kabisa na ya Shija: kosa liko kwa mtu. Basi lilipokaribia Kagongwa nikajiuliza, mtu akilala chumbani anaingia na kitu gani ambacho stoo haina? Nikahesabu kitanda, nguo, pumzi. Halafu nikakumbuka ni mwezi wa saba.

Nilishuka Kagongwa nikaenda moja kwa moja kwa Holo. Mayu Nkwimba alikuwa jikoni, kwenye kibanda cha nyasi, ameinamia moto.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

"Mwadila, baba. Karibu uote."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwuliza kule kwa Masanja alikuwa analalaje. Alinieleza bila kuficha. Jioni alichukua makaa akayaweka kwenye kigae, juu yake mabonge ya samadi. Pembeni aliweka mafiga madogo na chungu cha maji, ili asubuhi apate maji ya moto ya kunawa. Mbuzi wake wawili walilala miguuni. Dirishani alisokomeza gunia, maana lile dirisha la mbao lilipitisha upepo.

"Kwa hiyo ulikuwa unaota moto ndani, umefunga kila mahali?"

"Kwani wewe mwezi wa saba unaota nini?"

Nikacheka, naye akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Wanasema ni mimi, siyo?"

Akachochea moto kidogo.

"Mimi mwenyewe sijui, baba. Nimelala, nadondokewa usoni. Nikiondoka, linakoma. Nimejiuliza sana. Labda ni mimi, ila sijijui."

Nimesikia mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuchomwa na maneno kama yale. Yule mama alikuwa ameanza kuamini. Nilitaka kumwambia si wewe, na sikuweza kulisema kwa nguvu, kwa kuwa bado nilikuwa nabahatisha. Nilimwambia tu asubiri.

Nilimfuata Masanja, nikamwambia lala wewe kwenye chumba cha mama yako. Weka kila kitu kama alivyokuwa anaweka, makaa, samadi, chungu cha maji, mbuzi, na gunia dirishani. Usibadili hata kimoja.

"Na likinidondokea?"

"Likikudondokea ni moto. Au basi na wewe ni mchawi, tujue moja."

Nilisema kwa mzaha, ila yeye hakutabasamu, na kusema kweli mimi nami niliogopa. Lisipodondoka, tutakuwa tumemmaliza yule mama kwa mikono yetu. Tulikubaliana Shija aje alfajiri kushuhudia. Alikubali bila ubishi, na nampa haki yake kwa hilo.

Kulipopambazuka tulikuwa uani, mimi na Shija na majirani kadhaa, tumejikunyata, kila mtu anatoa mvuke mdomoni. Mlango ukafunguliwa. Masanja akatoka akikohoa, fulana yake nyeupe imejaa madoa meusi, na mstari mweusi umemshuka kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni.

Shija alimtazama juu hadi chini. Kisha akaanza kucheka. "Sasa bwana, umekuwa chungu cha ugali." Wote wakacheka. Mkewe Masanja akamletea maji anawe, naye akicheka. Masanja mwenyewe akacheka, nadhani kwa kupata nafuu ya moyo.

Tukaingia ndani. Bati lote juu ya kitanda lilikuwa limejaa matone, upande wa ndani, yamejipanga kwenye mabonde. Nilipitisha kidole. Yalikuwa maji baridi kabisa, na kidole kikatoka cheusi kwa masizi. Bati lilikuwa linatoka jasho. Kuta mbichi, chungu cha maji, mbuzi, pumzi, vyote vilipanda juu na moshi, vikakuta bati la baridi na hakuna pa kutokea. Vyumba vya watoto havikuwa na moto wala mbuzi. Kwenye nyasi vingejipitia taratibu na kwenda zao.

Basi hilo ndilo nililoambulia. Msiniulize zaidi. Kuna asubuhi nyingine za baridi kali ambapo bati hilohilo halikudondosha kitu, na sijui kwa nini. Nilimwuliza mwalimu mmoja akanieleza vizuri sana, nikaitikia kwa kichwa kuonyesha nimeelewa, na nilipofika nyumbani nikawa sijaelewa tena. Ila kazi naijua. Ukiezeka nyumba ya bati katika nchi yenye kipupwe, usimalize kabla hujauliza nani analala wapi na anaota nini. Ukuta wa udongo uuache ukauke ndipo ufunike. Juu ya ukuta, chini ya paa, acha nafasi ya kiganja pande mbili zinazotazamana. Mwenye uwezo mtandikie dari la matete. Na mtu akikuambia ataota mkaa ndani na kufunga kila kitu, mkatalie kabisa, hata kama ni mkwe wako, maana mkaa huua bila kupiga kelele. Kule machimboni Rwamgasa niliezeka vibanda vingi vya wachimbaji, na kila kimoja nilikiacha wazi pembeni. Walinitukana kwa baridi na wakaamka wazima.

Siku ileile tuliyoona jasho, mimi na Masanja tulipanda baiskeli zetu tukaenda Kagongwa kumchukua mama yake. Masanja alikataa kubadili fulana. Alisema anataka mama ayaone madoa kwa macho yake. Njiani aliimba. Sikuwahi kumsikia akiimba.

Tulimkuta palepale jikoni kwa Holo. Masanja akapiga magoti, akasalimu, akaeleza yote, jinsi alivyolala, jinsi matone yalivyomwangukia, jinsi Shija alivyomwita chungu cha ugali na kijiji kizima kikacheka. Alikuwa anaongea haraka kama mtoto aliyeshinda mchezo. "Ni bati tu, mayu. Halikuwa lolote. Ni bati."

Mayu Nkwimba alimsikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akagusa doa moja kwenye fulana, akalitazama kwenye kidole chake.

"Likikudondokea wewe ni bati," akasema. "Likinidondokea mimi ni uchawi."

Masanja akanigeukia mimi, kana kwamba fundi lazima ana jibu la jambo hilo pia. Sikuwa nalo, na tangu siku ile nimelitafuta sijalipata. Furaha yote ikamtoka, akaanza kulia waziwazi, mwanamume mzima, mbele ya dada yake na mbele yangu.

Mama yake alimwacha alie. Baadaye akasogeza kigoda chake pembeni, akampisha karibu na moto.

"Sogea uote," akamwambia. "Umepigwa na baridi njiani."